Sikuvamia bonde, nilinunua: barua ya wazi kwa wenye mihuri ya ardhi Dar es Salaam

Kwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam. Wakurugenzi wa Jiji na manispaa zake. Na wenyeviti wetu wa serikali za mitaa.

YAH: KUANDIKWA KWA HISTORIA YA MAJI KWENYE HATI ZA MAUZIANO YA NYUMBA NA VIWANJA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mama wa watoto watatu, mshonaji wa sare za shule, mzaliwa wa Singida na mkazi wa jiji hili tangu nikiwa binti. Naandika kiangazi kwa makusudi. Masika yakifika kila mtu huwa msikivu: kamera zinakuja, waokoaji wanakuja, na ninyi wenyewe mnakuja mmevaa mabuti ya mpira. Lakini nyumba za bondeni haziuzwi masika. Zinauzwa Julai, Agosti na Septemba, ardhi imekauka na vumbi linatimka. Anayenunua ananunua sasa hivi, leo, wakati nashika kalamu hii.

Agosti 2019 mimi na mume wangu tulinunua nyumba ya vyumba viwili na sebule upande wa kaskazini wa jiji, kati ya Barabara ya Bagamoyo na bahari. Mtaa siutaji, wala aliyetuuzia simtaji, kwa sababu sijaja kushtaki mtu. Bei ilikuwa shilingi milioni 34. Fedha hizo zilikuwa akiba yangu ya miaka tisa ya VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, mafao ya mume wangu alipopunguzwa kazini, na ng'ombe wanne ambao baba mkwe aliwauza bila kutuambia mpaka alipotuma fedha. Benki tulikwenda. Riba ya mkopo wa nyumba nchini kwetu kwa miaka mingi imekuwa ikicheza kati ya asilimia 15 na 19, na benki inataka nyumba yenye hati. Nyumba yenye hati haikuwa kwenye uwezo wetu. Nyumba za mwinukoni, mwendo wa dakika tano kwa mguu kutoka pale, zilianzia milioni 80. Dalali alitueleza kuwa yetu ni ya bei nafuu kwa sababu mwenyewe ana haraka, anahamia Dodoma.

Niliikagua nyumba ile mara tatu. Naomba niwaeleze nilichokiona, maana vyote vilikuwa mbele ya macho yangu.

Niliona sebule imepakwa rangi ya mafuta ya kijivu kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, na juu yake rangi ya maji nyeupe. Niliambiwa ni kwa ajili ya watoto, uchafu unafutika kwa kitambaa. Niliona kizingiti cha mlango wa jikoni kimejengewa matofali mawili kwenda juu, mpaka unainua mguu kuingia. Niliambiwa ni kuzuia nyoka. Niliona soketi zote za umeme ziko usawa wa kifua changu, hata ile ya friji. Sikuuliza. Niliona nyumba ya jirani ina ngazi sita kwenda barazani wakati uwanja ni tambarare, nikawaza kwamba wenzetu wana uwezo. Uani palikuwa na magimbi mazuri mno, majani mapana kama masinia, Agosti kukiwa hakujanyesha tone. Mtu wa Pwani angeyatazama magimbi yale akarudi kwao. Mimi nimekulia Singida, ambako maji huombewa dua. Niliyapenda.

Siku ya kuandikishana tulikaa kwenye benchi la ofisi ya serikali ya mtaa: muuzaji na mashahidi wake wawili, sisi na wetu wawili, mjumbe wa shina na mwenyekiti. Tulibandika picha za pasipoti. Tulilipa mchango wa ofisi. Karatasi iliandikwa majina, bei na mipaka: kaskazini fulani, kusini barabara ya mtaa, magharibi fulani, mashariki "njia ya maji". Niliyasoma maneno hayo. Njia yenyewe nilikuwa nimeiona, mtaro wa mchanga mkavu niliouruka kwa hatua moja nikiwa nimeshika mkoba. Muhuri ukagongwa, tukapeana mikono, mwenyekiti akasema karibuni sana mtaani kwetu.

Hatukumaliza miezi mitatu. Oktoba ile vuli ilikuja na mvua nzito. Saa nane usiku nilisikia tundu la maji la bafuni likikoroma kama mtu aliyebanwa kifua. Kabla sijaamka vizuri nikasikia kitu kinagonga ukuta chumba cha watoto, taratibu, mara kwa mara. Kilikuwa kiti cha plastiki kinaelea. Mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka minne, alikuwa amelala kitanda cha chini cha deka, na godoro lilikuwa limeanza kunyanyuka naye juu yake. Hakuwa ameamka. Nilimchukua akiwa mkavu mgongoni na nywele zimelowa.

Mvua pekee isingefanya vile. Wazee wa pale walinieleza baadaye kwamba usiku ule bahari ilikuwa bamvua. Mto ukishuka na mafuriko yake, ukakutana na bahari imejaa mdomoni, hauna pa kwenda. Unarudi nyuma na kutafuta kila mtaro uliomiminia maji. Kwa hiyo mtaro wangu wa hatua moja uligeuka. Maji yalikuwa yanapanda kutoka upande wa bahari, yamebeba taka za juu na yaliyomo kwenye mashimo ya vyoo. Majora yangu sita ya kitambaa cha sare yalichuja rangi, na asubuhi sebule nzima ilikuwa na maji ya bluu. Yalipopungua yaliacha mstari ukutani, juu kidogo ya ile rangi ya mafuta. Soketi zote zilikuwa kavu. Nilisimama nikizitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotazama kitu kingine chochote siku ile, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kwamba fundi aliyezifunga alijua.

Bibi jirani, yule wa ngazi sita, alituletea uji. Nilimuuliza, bibi, hivi mlijua? Akaniambia: "Mwanangu, tulikuona unahamia na watoto, tukasema labda ameambiwa."

Waheshimiwa, sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike. Mjumbe alijua. Mashahidi wa muuzaji walijua. Ofisi ilijua. Hakuna aliyenidanganya kwa kutaka kunidhuru, ila kila mmoja alidhani kusema ni kazi ya mwingine, na karatasi haikuwa na mahali pa kuandika.

Kila mafuriko yanapotokea tunasikia neno moja kutoka kwenye vipaza sauti: wavamizi. Wananchi waache kuvamia mabonde. Neno hilo linaniumiza. Mvamizi ni mtu aliyeingia bila kuuliza. Mimi niliuliza, nikaandikishwa, nikapigwa picha, nikalipa, nikagongewa muhuri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaitambua ardhi ya hatari, ikiwamo iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita hizo 60. Sheria nzuri. Lakini nyumba yangu iko mbali na mto zaidi ya mita 200; nimepima kwa kamba na mume wangu. Mita 60 zinamlinda mto na mjenzi wa ukingoni. Hazimwambii chochote mtu ambaye mto humfuata kupitia mtaro.

Na msiniambie Serikali haifiki kwangu. Imefika mlangoni mara tatu. Mwaka 2022 walikuja vijana wa anwani za makazi, wakanipa namba ya nyumba na jina la barabara, na taarifa zangu zikaingia kwenye mfumo. Agosti mwaka huohuo akaja karani wa sensa, akauliza kuta ni za nini, paa ni la nini, choo ni cha namna gani, tunapikia nini. Sensa ile ndiyo iliyotuhesabu wakazi wa Dar es Salaam kuwa 5,383,728, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Watu milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi, na lazima walale mahali. Mara ya tatu inafika kila mwezi: nikinunua umeme, LUKU inanikata kodi ya jengo, shilingi 1,500. Nailipa bila kinyongo. Lakini katika kunijua kote huko, hakuna aliyewahi kuuliza swali la maneno manne: maji yamewahi kuingia ndani?

Jibu la swali hilo halihitaji mtaalamu kutoka nje wala fedha nyingi. Kuanzia mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi walizunguka kwenye kata zinazofurika pamoja na wenyeji, katika mradi wa Ramani Huria, wakachora mitaro, makalvati na nyumba, na ramani zikawekwa wazi kwa kila mtu. Waliwauliza wakazi maji hufika wapi, na wakazi walionyesha kwa mkono: hapa, kwenye goti, pale, kwenye dirisha. Elimu ipo. Imelala kwenye kompyuta, na mnunuzi amekaa kwenye benchi la mtaa, na kati yao hakuna njia.

Zamani elimu hiyo ilikuwa kwenye majina. Msasani pana Bonde la Mpunga, na mpunga hauoti pakavu. Temeke pana Mtoni. Aliyetoa majina hayo alikuwa anawaonya wajukuu zake. Sisi tunaokuja na mabasi kutoka mikoani tunayasikia kama majina ya vituo vya daladala tu, na mitaa mipya inapewa majina ya viongozi na maua.

Ombi langu ni moja, na naomba mlipime kama lilivyo. Hati ya mauziano inayogongwa muhuri serikali ya mtaa iwe na sehemu ya maji. Maji yamewahi kuingia kwenye nyumba au kiwanja hiki? Miaka ipi? Yalifika kimo gani? Yalikaa siku ngapi? Yalitokea wapi? Ijazwe na muuzaji, isainiwe na jirani wa mpaka, si shahidi aliyeletwa na muuzaji kutoka anakojua yeye, kisha mjumbe, kisha mwenyekiti. Anayeandika uongo hapo awajibike kwa mnunuzi kama anayeuza kiwanja cha mtu mwingine. Na kwa kuwa kila nyumba sasa ina namba, majibu yaingie kwenye mfumo wa anwani ili mnunuzi wa tano asitegemee kumbukumbu ya bibi jirani, ambaye naye hatadumu milele. Pale ofisini, kwenye ukuta ambao sasa una picha na kalenda, ibandikwe ramani ya mtaa yenye maeneo yanayofurika yamepakwa rangi. Mtu asubiri zamu yake akiwa anaitazama.

Najua mtakachojibu, kwa sababu nimeshajibiwa hivyo nilipofika ofisini na ombi hili kwa mdomo. Kwanza, nyumba za bondeni zitashuka bei. Ndiyo, zitashuka. Milioni 34 niliyolipa ilikuwa bei ya nyumba isiyofurika ya mtu mwenye haraka. Ningejua, ningelipa milioni 15 na kubakiza fedha za kuinua msingi, au nisingelipa kabisa, ningekwenda kupanga Chanika. Hiyo tofauti ndiyo iliyonipotea, na hakuna mfuko wa maafa unaoirudisha. Pili, niliambiwa kwamba maskini watakosa pa kununua. Hapo nawasihi mnisikilize vizuri. Maskini hakosi nyumba kwa sababu ya kuambiwa ukweli. Anaikosa kwa sababu viwanja vilivyopimwa mahali pakavu ni vichache na ghali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilipima viwanja 20,000 katika jiji hili, Mbweni, Bunju, Kibada, Tuangoma na kwingineko, na wapo waliostirika. Fanyeni tena, na tena, na safari hii viwepo vidogo vya kipato changu, kabla ya sisi kuletwa bondeni na madalali.

Wenzetu wa bonde la mto Msimbazi mmewashughulikia kwa namna nyingine. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu wapatao 40, baadhi walihamishiwa Mabwepande. Desemba 2015 walikuja wenye tingatinga, na nyumba zilizoandikwa X zikaangushwa. Sasa kuna mradi mkubwa wa Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, wa kupanua mto, kujenga daraja jipya la Jangwani na kuwaondoa watu kwa fidia. Nafurahi kwa ajili yao. Lakini pigeni hesabu ya fedha hizo zote za kumwondoa mtu mahali, mlinganishe na gharama ya mistari mitano kwenye karatasi ya kumzuia asifike hapo. Na mabonde si Msimbazi peke yake. Kuna mto Tegeta, Mbezi, Mlalakuwa, Mpiji, Kizinga, Mzinga. Wakati bonde moja linasafishwa, mengine yanauzwa vipande vipande, kwa muhuri.

Sisi tuliobaki tunajitetea tunavyoweza, na tunaumizana. Mwenye uwezo analeta tripu kumi za kifusi, anainua uwanja wake, na maji yaliyokuwa yalale kwake yanakuja kulala kwangu. Mwingine anajenga ukuta wa fensi kukatiza mtaro. Mwaka 2021 nami nilinunua tripu nne za kifusi, na masika yaliyofuata nilimwona mama wa nyumba ya chini yangu anakomba tope sebuleni kwake kwa sinia. Sijawahi kumwomba msamaha, ingawa tunasalimiana kila siku. Namwomba hapa.

Septemba iliyopita yule dalali alirudi. Alikuwa mwema, alileta na mkate. Akasema mama, nikutafutie mteja wa mkoani, mwenye fedha za korosho. Tupige rangi ya mafuta upya, tufyeke magimbi, utapata milioni 45. Mume wangu alinyamaza. Deni la ada lilikuwepo, na wote watatu tulijua, yeye, mimi na mume wangu, kwamba hakuna karatasi ambayo ingenizuia. Wiki iliyofuata akaja na kijana na mkewe, mjamzito. Yule binti alizunguka sebuleni, akagusa ukuta, akauliza: mama, mbona soketi ziko juu hivi?

Nilimwambia. Nilimwonyesha na mstari, ambao tumeupaka rangi mara nne na bado unatokeza. Alinishika mkono, akasema asante, wakaondoka. Dalali hajarudi, na nyumba haijauzwa.

Waheshimiwa, kwa kuwa fomu ninayoiomba bado haijatengenezwa, nimeitengeneza kwa mkono kwenye karatasi ya daftari la mwanangu na kuijaza kwa ajili ya nyumba yangu. Siku nitakapompata mnunuzi nitampa aisome kabla hatujataja bei. Nainakili hapa ili muone kwamba haichukui nafasi kubwa:

Maji yamewahi kuingia ndani: Ndiyo.
Miaka: 2019, 2020, 2023, 2024.
Kimo cha juu kabisa: sentimita 94 kutoka sakafuni, sebuleni, Oktoba 2019.
Yalikaa: siku tatu ndani, wiki tano uani.
Yalikotokea: mtoni, kwa kurudi kupitia mtaro wa mashariki, wakati wa bamvua.
Muuzaji: nimesaini.
Jirani wa mpaka: bibi ameweka dole gumba.
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa: nafasi ya muhuri nimeiacha wazi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mshona sare, Kinondoni